Shangazi, mdogo wangu ameacha pombe na sisi tumekodi nyumba katikati ya mizabibu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni kifungua mimba wa watoto watatu, sote tunaishi Marekani na familia zetu. Kila baada ya miaka miwili tunakutana kwa wiki moja wakati wa kiangazi, pamoja na mama yetu ambaye magoti yanamsumbua. Safari hii kitinda mimba wetu ndiye aliyechagua mahali: Finger Lakes, jimbo la New York, nyumba iliyo kando ya ziwa Seneca. Ni Julai, na arubuni imeshalipwa. Shida ni kwamba huko kila kona ni shamba la mizabibu na nyumba ya kuonja mvinyo, na mdogo wangu anayenifuata ana miezi 14 tu tangu aache pombe. Nusura pombe imvunjie ndoa. Nilipomuuliza alisema, "Mimi niko sawa, nitakuwa dereva wenu." Lakini wifi alinipigia simu usiku analia. Kitinda mimba naye anasema hatuwezi wote kukaa kama wagonjwa kwa ajili ya mtu mmoja. Ratiba nimeachiwa mimi. Nivunje safari, au niwaambie wafiche chupa? Dada Mkubwa, New Jersey*

Marahaba, mwanangu. Safari usiivunje, na chupa usifiche hata moja.

Nianze na hilo la kuficha, maana nalijua kwa machungu. Mwaka kaka yangu alipoacha pombe, tulikuwa na harusi nyumbani. Tukakutana jikoni bila yeye, tukakubaliana kila chupa iwekwe chumba cha nyuma na mlango ufungwe. Saa mbili za usiku alikuwa ameshajua. Hakunywa. Alichukua kofia yake akaondoka, na kwa miezi mingi hakukanyaga kwetu. Baadaye aliniambia kwamba chupa hazikumuumiza hata kidogo. Kilichomuumiza ni kugundua kwamba nyumba nzima ilikuwa imemjadili, hata watoto walijua, isipokuwa yeye. Neno hilo sijalisahau hadi leo.

Kwa hiyo kabla ya ratiba, kaa na mdogo wako, nyinyi wawili tu. Usimuulize "uko sawa?" Mtu aliyewahi kuwasumbua ndugu zake atajibu "niko sawa" hata kama anazama, kwa sababu anaogopa kuwa mzigo mara ya pili. Muulize mambo yenye jibu. Ni saa ngapi ya siku inayomwia ngumu zaidi? Angependa nyumba isiwe na pombe kabisa? Nani mwingine anaruhusu ajue? Akitaka kuondoka mezani ghafla, angependa tumfuate au tumwache? Na mweleze palivyo, bila kupunguza. Barabara ya 14 upande wa magharibi wa Seneca na ile ya 414 upande wa mashariki zina mabango ya mvinyo yanayofuatana. Mtu anayeyategemea huyapita kama nguzo za umeme. Anayekutana nayo kwa mshtuko, akiwa na njaa na uchovu wa safari, ni habari nyingine.

Akikwambia baada ya mazungumzo hayo kwamba hapaswi kwenda, mwamini. Hapo mtabadili mahali, na arubuni ikipotea ipotee. Lakini aamue yeye.

Sasa hili la udereva. Mwanangu, hapa nakusihi. Naona kila mtu amefurahi: asiyekunywa amejitolea, basi tatizo limekwisha. Hebu mfikirie huyo dereva. Atakaa katika chumba cha kuonjea saa nzima, atanusa, atatazama bilauri zikizungushwa, atasikia mhudumu akisifia harufu ya pichi na chokaa, kisha awapakie ndugu waliochangamka na kwenda kufanya hivyo hivyo mlango wa pili na wa tatu. Hiyo ni kazi ambayo hata mtu mwenye miaka kumi bila pombe angeikwepa. Amejitolea kwa sababu anatafuta njia ya kuwa na faida kwenu. Mpe faida nyingine. Wanaotaka kuonja wakodi gari lenye dereva; magari ya namna hiyo ni mengi katika eneo lile, na yapo kwa sababu ya msingi: New York kilevi cha asilimia 0.08 ndani ya damu kinakutosha kulala mikononi mwa polisi, na zile onjo ndogo ndogo hujumlishana haraka kuliko watu wanavyodhani.

Na nyumba iwe kavu. Hili lingekuwa langu ningelipigania, kama yeye mwenyewe hakatai. Mvinyo ubaki kule unakotengenezwa. Anayenunua chupa za kupeleka kwake azifungie kwenye boksi, zibaki ndani ya gari lake, na kila mtu ajue zipo. Siri ndiyo mbaya.

Kitinda mimba wenu si mtu mbaya. Anaona safari aliyoichagua kwa furaha ikigeuka kuwa kikao cha matibabu, na ana haki ya kusikitika. Mpe alasiri moja yake kamili. Tena mwambie aifanye vizuri: badala ya kukimbia milango sita, aende mmoja au miwili na asikilize. Mvinyo wa kule una hadithi ya kustahili heshima. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini mizabibu ya Ulaya haiwezi kuhimili baridi ya pale. Akaja Konstantin Frank, mhamiaji kutoka Ukraine, aliyesema inawezekana ikipandikizwa kwenye mashina yanayovumilia baridi. Mwaka 1962 akafungua kiwanda chake karibu na Hammondsport, kando ya ziwa Keuka, na leo mvinyo mweupe wa Riesling wa eneo hilo unajulikana mbali. Nusu ya siri ni ziwa lenyewe. Seneca lina kina cha karibu mita 188, maji mengi kiasi kwamba huhifadhi joto la kiangazi na kulitoa taratibu majira ya baridi, na mara chache sana huganda. Mizabibu ya kwenye miteremko iliyo karibu na maji huponea joto hilo. Akirudi jioni na hadithi hiyo, hata kaka yake ataweza kuisikiliza.

Ratiba yenyewe sasa. Maziwa ya Finger Lakes ni 11, membamba na marefu kama vidole, yaliyochongwa na barafu za kale, na mambo ya kufanya bila bilauri mkononi yamejaa. Ncha ya kusini ya Seneca kuna korongo la Watkins Glen, maporomoko 19 katika njia ya chini ya maili mbili, na sehemu moja unapita nyuma ya maji yenyewe. Hapo mpeleke mdogo wako asubuhi na mapema kabla watu hawajajaa. Mama usimpeleke: ngazi ni zaidi ya 800, tena zina unyevu. Mama mpeleke kwenye maporomoko ya Taughannock, kando ya ziwa Cayuga, kaskazini mwa Ithaca. Maji yanaanguka mita 65 kwa mkupuo mmoja, kimo kinachopita Niagara, na kuna mahali pa kutazamia unapofika kwa gari. Hata njia ya chini ya korongo ni tambarare, ataenda anapotaka na kurudi.

Mtengeeni mama siku ya Auburn pia. Ni mbali kidogo kutoka mlipo, lakini ndipo alipoishi na kuzikwa Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwa kisha akarudi mara kwa mara kuwatoa wengine. Alifariki mwaka 1913. Nyumba ya wazee aliyoianzisha bado imesimama. Wala sidhani kuna mama yeyote atakayetoka pale bila la kusema njiani. Mkirudi mnaweza kupitia Seneca Falls, walikokutana wanawake mwaka 1848 kudai haki zao, ikiwemo ya kupiga kura. Siku ya mvua nendeni Corning kwenye jumba la makumbusho la vioo. Watoto watatazama mafundi wakipuliza kioo cha moto na hawatataka kuondoka.

Saa za kuangalia ni zile za kuanzia alasiri hadi chakula cha jioni. Wengi walioacha pombe watakwambia hivyo, ingawa mdogo wako atasema saa zake mwenyewe. Zijaze. Kuogelea, kuchoma samaki, karata, moto kando ya maji. Mkiogelea kwenye hifadhi za jimbo, fuateni saa za waokoaji. Na jueni kwamba maji ya Seneca hukawia kupata joto, kwa sababu ile ile ya kina. Mkitaka kupanda mashua ya jioni, uliza kwanza kama ndani wanauza pombe, maana nyingi huuza. Barabara za karibu na Penn Yan endesheni taratibu jioni, kuna Wamennonite, Wakristo wanaoshika mila za kale, wenye magari ya kukokotwa na farasi.

AA, kile chama cha walioacha pombe wanaosaidiana, wana vikao Ithaca na Geneva. Usimtafutie wewe. Mwambie tu kwamba kuna gari lisilo na kazi kila siku, na funguo ziko mezani. Gari lake, mlango wake wa kutokea. Usilipangie safari nyingine hata mkibanana.

Na ikitokea ameteleza? Hakuna baraza la ukoo sebuleni. Watoto wapelekwe kulala, mmoja wenu akae naye, wifi aamue nani wa kupigiwa simu. Asubuhi chai inywewe kama kawaida.

Huyo wifi usimsahau. Amelia kwako usiku kwa sababu miezi 14 analala kwa jicho moja, na likizo hii kwake inaonekana kama zamu ya ulinzi ya wiki nzima. Mwambie waziwazi: siku mbili katika hizo saba, mimi ndiye nitakayekuwa karibu na mume wako, wewe nenda popote. Akitaka kwenda kuonja mvinyo na kitinda mimba, aende bila kuomba radhi, mradi mumewe anajua.

Mpigie mdogo wako leo, kabla hujalipa salio la nyumba. Usianze na pombe. Anza kwa kumwambia kwamba udereva umemwondolea, kwa sababu unamtaka asubuhi moja mwende wote wawili Watkins Glen, kisha nyamaza umsikilize.

Shangazi