Matundu Matatu Hayatoshi: Maswali Kuhusu Kujaribu Risasi za Kujijazia

Texas msimu wa kulungu hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, na kila ukikaribia napokea maswali ya ndugu zetu wa huku Marekani wanaojijazia risasi wenyewe, yaani wanaotia baruti kwenye maganda nyumbani. Haya ndiyo ya safari hii.

Shikamoo mzee. Nimejaza risasi za bunduki yangu ya ukubwa wa .308 kwa vipimo vitano tofauti vya baruti, risasi tatu kwa kila kipimo. Kipimo cha tatu kimenipa kundi la nusu inchi kwa yadi 100, yaani matundu yote matatu yako ndani ya upana huo. Nimeshapata, au?

Marahaba mwanangu. Bado hujapata. Ulichonacho ni matundu matatu yaliyokaa karibu, na matundu matatu hukaa karibu kwa bahati mara nyingi kuliko tunavyopenda kukubali.

Chukua bunduki ileile na risasi zilezile, usibadilishe chochote. Kama makundi ya risasi tatu yana wastani wa inchi moja, ya risasi tano yatakuwa na wastani wa kama inchi moja na robo, na ya risasi kumi yatapita inchi moja na nusu. Risasi hazijaharibika. Ni kwamba kila unavyopiga zaidi ndivyo zile za pembeni zinavyopata nafasi ya kujitokeza. Sasa wewe umepiga makundi matano ya risasi tatu. Hata kama vipimo vyote vitano vingekuwa sawa kabisa, lazima kimoja kingeonekana bora kuliko vingine.

Mimi yalinikuta. Nilipata kundi ambalo ungelifunika kwa sarafu, nikaandika kipimo chake kwenye daftari kwa wino mwekundu, nikajaza risasi mia moja usiku huo. Jumamosi iliyofuata zikatawanyika inchi moja na nusu. Nilikaa pale mezani nikiilaumu darubini, skrubu zake, hata upepo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kundi la kwanza ndilo lililonidanganya.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua vipimo viwili tu, kila kimoja ukipe risasi ishirini, makundi manne ya tano tano. Ukifika nyumbani, bandika karatasi ya kwanza kwenye kioo cha dirisha mchana, weka karatasi safi juu yake, uchore alama ya kulengea na kila tundu kwa penseli. Kisha weka ya pili, alama ya kulengea juu ya alama, uchore tena, hadi ziishe. Utaona wingu zima la matundu ishirini, na hilo wingu ndilo bunduki yako. Kupima upana, pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu la mbali zaidi, kisha toa unene wa risasi, ambao kwa .308 ni inchi 0.308. Ukisikia watu wanataja dakika ya pembe, kipimo cha kueleza mtawanyiko wa risasi, kwa yadi 100 ni inchi 1.047, kwa mita 100 ni kama milimita 29.

Risasi ya kwanza kila siku inajitenga na wenzake. Niihesabu?

Kama umetoka kusafisha mtutu, ndani kuna mafuta. Piga mbili tatu za kuupaka masizi kwanza, ndipo uanze kuhesabu. Lakini kama wewe ni mwindaji, hiyo risasi ya mtutu baridi ndiyo kulungu atakayoipata. Itengee karatasi yake, ulete karatasi hiyohiyo kila unapokuja uwanjani, uipige mara moja tu kwa siku.

Nitajuaje kama kosa ni langu au la risasi?

Swali hili nalipenda. Nunua boksi moja la risasi za mashindano za kiwandani na uzipige zamu kwa zamu na zako, tano za kiwandani, tano zako. Zote zikitawanyika sawa, tazama mkao wako kabla ya mizani ya baruti. Mfuko wa mchanga wa mbele ukae chini ya ubao wa bunduki, usiguse mtutu hata kidogo. Na baada ya kila mlio, kabla hujachungulia shabaha, sema moyoni risasi imekwenda wapi. Ukisema "hii imenivuta kulia" na tundu likawa kulia, kosa hilo ni lako, lakini tundu libaki kwenye hesabu. Mtutu ukipata moto, hewa inayopanda juu yake huifanya shabaha icheze ndani ya darubini. Ngoja upoe.

Kuna haja ya mashine ya kupima mwendo wa risasi?

Kwa yadi 100, tofauti ya futi 50 kwa sekunde hutaiona kwenye karatasi. Kwa yadi 600 ni inchi kadhaa juu au chini. Pima umbali wako kabla ya kutoa pesa. Ukiwa nayo au huna, usiache boksi la risasi juani: baruti ikipata joto mwendo hupanda, na mgandamizo nao hupanda.

Mkono wa kufungulia chemba umekuwa mzito kwenye kipimo cha juu, ila kundi lilikuwa zuri sana. Niendelee?

Hapana. Simama hapohapo, hata kama zimebaki mbili. Mkono mzito, fataki (kile kifuniko kidogo kitakoni kinachowasha baruti) iliyobapa, alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda, zote zinasema mgandamizo umezidi. Rudi nazo nyumbani uzifungue, ushuke, usome tena kitabu cha watengenezaji wa baruti hiyo. Hakuna kundi lenye thamani ya jicho lako.

Niko Minnesota kwa visa ya masomo, na mwakani narudi Nairobi. Naweza kuanza mchezo huu na kurudi na vifaa?

Simama kwanza, kaka. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye visa ya muda kumiliki silaha au hata risasi peke yake, isipokuwa kwa hali chache, mojawapo ikiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani hafungwi na katazo hilo. Muone wakili wa uhamiaji kabla hujagusa chochote. Na Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu kuwa na silaha au risasi bila kibali, kwa hiyo hivyo vifaa usivifungashe.