Winga wa soka akijaribu kikapu: miguu anayo, kazi iko kwenye kusimama

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako wa miaka 15, winga wa soka, anaweza kucheza kikapu bila kuanza sifuri. Anaweza. Hakeem Olajuwon, Mnigeria aliyekuja kuwa nyota wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, alidaka kama kipa wa soka huko Lagos kabla ya kushika kikapu akiwa na umri huo huo, na wepesi wa miguu yake ndio uliowatesa majitu wa huko.

Kitakachomsumbua ni mguu wa egemeo, ule unaobaki chini ukiwa umeshika mpira. Kwenye soka hakuna anayekuhesabia hatua. Kwenye kikapu, ukipokea mpira umesimama, ukitaka kuondoka kwa kudunda, mguu wa egemeo haubanduki mpaka mpira uwe umeshatoka mkononi. Mawinga hufanya kinyume: anainamisha bega, anachomoa mguu wa nyuma ili ampite beki, halafu ndiyo anadunda. Filimbi, ametembea, yaani kosa la hatua. Akitaka kutoa pasi au kurusha, mguu huo anaweza kuunyanyua, ila usirudi chini kabla mpira haujatoka.

Mfanyishe hivi: mrushie pasi, ashike mpira ukiwa bado hewani na yeye hewani, atue na miguu yote miwili kwa pamoja, magoti yamekunjwa. Akitua hivyo, mguu wowote unaweza kuwa egemeo. Kisha asukume mpira chini pembeni ya mguu unaoanza huku wa nyuma umeganda. Mara 20 kila upande, polepole. Akiharakisha kabla ya kuzoea, kosa linakuwa tabia, na kulifuta ni kazi kubwa.

Lingine ni saa. Soka ukiongoza 1-0 unaweza kurudisha pasi nyuma mpaka watu wazomee. Kikapu una sekunde 8 kuvuka nusu na sekunde 24 kurusha. Uwanja wenyewe ni mita 28 kwa 15, kwa hiyo winga aliyezoea kupumzika mbele mpira ukipotea anawaachia wenzake wanne kuzuia watano. Kwenye watu 11 uvivu huo unafichika. Hapa ni kikapu cha bure.

Kuotea hakuna, ila asikae zaidi ya sekunde 3 mfululizo kwenye boksi la chini ya ringi ya wapinzani timu yake ikiwa na mpira mbele.

Kugusana pia. Ile bega kwa bega ya kugombea mpira, ambayo refa wa soka anaiacha, huku mara nyingi ni faulo. Faulo 5 unatoka, na timu ikifikisha ya 5 katika robo moja, wapinzani wanapewa mitupo huru miwili hata kama hawakuwa wanarusha. Mwambie azuie kwa miguu: atembee kiubavu, kifua kikimwelekea mwenye mpira, mikono wazi. Akianza kupapasa mpira kwa mkono ujue miguu imechelewa.

Sasa magoti, na hapa usifanye mzaha. Viwanja vyetu vingi ni sementi, na kikapu ni kuruka na kutua. Aanze siku mbili kwa wiki, dakika 40, zisigongane na siku za mechi ya soka. Asivae raba za kukimbilia zenye soli nene laini, kifundo kinaweza kupinduka akikata kona. Atafute soli pana, bapa, inayong'ang'ania chini. Na akitua baada ya kuruka usikie kishindo kidogo tu. Kishindo kikiwa kikubwa, magoti yamenyooka, msimamishe hapo hapo arudie.