Mwanangu, kuhusu hiyo koleji ya upishi

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu. Umeniuliza, "Mama, nikienda koleji miaka miwili kusomea upishi hela itarudi kweli, au ntaishia kukata vitunguu kwa mshahara uleule?" Nikaanza kukujibu kwa voisi, dakika kumi zimeisha hata sijafika popote, nikaona bora niandike usome taratibu ukitoka shifti.

Jibu langu ni nenda, ila kwa bei ya mwenyeji, yaani ya mkazi wa eneo la koleji, bila mkopo, na huku unafanya kazi jikoni. Kikikosekana kimoja katika hivo vitatu basi tukae tuongee upya.

Najua umekua unanisikia nikisema upishi haufundishwi darasani. Nilikua nasema hivo kwa sababu mi nimeanza kukaa jikoni Tanga nina miaka tisa, bibi yako ananipa mwiko. Ila kuna kitu sijawahi kukusimulia. Mwaka wangu wa pili pale jikoni hospitali nilipika supu ya kuku, sufuria lile la galoni kumi, ikatoka nzuri mno, nikaifunika vizuri nikaisukuma chumba cha baridi kama tulivozoea kufunika chakula cha kesho. Asubuhi nakuta binti mmoja, nimemzidi kama miaka ishirini hivi, ametoka koleji hata mwaka hajamaliza kazini, kachomeka kipimajoto katikati ya sufuria kinasoma 80 kwa vipimo vya huku Marekani, yaani Farenhaiti. Juu supu ya baridi, katikati bado haijapoa. Ikamwagwa yote na siku ile wagonjwa wakapewa supu ya kopo. Nilienda kulia kule nyuma kwenye maboksi, na sio supu iliyoniliza mwanangu, ni kwamba miaka yote ile hakuna mtu aliyenambia.

Yule binti akanifata, Mungu ampe heri, akanionyesha bila kunidharau. Supu unaigawa kwenye trei fupi, kina inchi mbili, huifuniki kabisa mpaka ipoe, itoke nyuzi 135 ifike 70 ndani ya saa mbili, alafu saa nne zingine iwe imeshuka mpaka 41. Ikichelewa hapo katikati vijidudu vinazaliana, na vingine vinaacha sumu ambayo hata ukirudisha supu motoni ikachemka haitoki. Mi nilikua najua tu kwamba chakula kimechacha nikikinusa. Yeye alikua anajua kwanini, na hiyo kwanini aliipata darasani, wala sidhani ilimchukua zaidi ya wiki mbili.

Jambo la pili ni hesabu. Unakumbuka ile harusi niliyopikia, watu 150, tukakubaliana dola 9 sahani? We ulikua sekondari bado ukaja kunisaidia kumenya vitunguu saumu. Nilipiga hesabu ya nyama kwa uzito wa buchani, sikutoa mifupa wala mafuta wala kile kinachopungua kwenye moto, Jumamosi asubuhi tukajikuta nyama haitoshi ikabidi tukanunue nyingine kwa bei ya rejareja, mchele nao, gesi, kukodi masufuria, mpaka tunamaliza imebaki dola 140 tugawane watu watatu kwa kazi ya siku mbili. Watu walisifia pilau mpaka leo wanasifia. Koleji kuna somo zima la gharama, wanakufundisha kupima nyama kabla na baada ya kuisafisha, kujua kila sahani imekula senti ngapi, na kwamba mahoteli mengi wanataka viungo visizidi kama asilimia 30 hivi ya bei ya sahani. Ningelijua hilo ningeshafungua pangu zamani, na hili nakwambia kwa uchungu kabisa.

Sasa upande wa pili, ili usije sema mama hakunambia. Cheti hakiongezi mshahara siku ya kwanza. Ukiingia jikoni, mwenye digrii na asiye nayo wote wanaanzia kwenye bodi ya kukatia, na shefu atakuangalia mikono na kama unafika kwa wakati. Takwimu za serikali za 2024 zinaonyesha mpishi wa kawaida wa kati na kati huku Marekani anapata hapo kwenye dola 35,000 na kitu kwa mwaka, shefu mkuu karibu 61,000. Kutoka hapo chini mpaka kule juu ni miaka baba'angu, na usiku, na sikukuu ambazo wenzio wako nyumbani. Koleji inaweza kukufupishia njia, kuiruka huiruki.

Ndo maana bei ni kila kitu. Koleji za umma za miaka miwili, zile wanaita community college, kwa mkazi wa eneo wastani wake ni kama dola 4,000 ada ya mwaka. Zile shule za upishi zenye jina kubwa, kama ile Culinary Institute of America kule Hyde Park, ada peke yake inapita dola 30,000 kwa mwaka. Ni shule nzuri, sina neno nayo, lakini utalipaje deni hilo kwa mshahara wa 35,000? Na jina nalo sio kinga, Le Cordon Bleu walikua na matawi 16 nchi hii, wakatangaza mwisho wa 2015 kwamba wanafunga na kufika 2017 yote yakawa yamefungwa.

We uko Indianapolis, jimbo la Indiana, ukija kusoma huku kwangu Joliet, jimbo la Illinois, ukiwa bado na anwani ya kule utatozwa bei ya mgeni, ni kubwa kuliko bei yetu, maana sisi wa hapa tunaichangia koleji kwa kodi ya majengo. Kwahiyo rudi nyumbani kwanza. Joliet Junior College ipo tangu 1901, ndo koleji ya umma ya zamani kuliko zote za aina yake nchi hii, na madarasa yao ya upishi yapo mjini kabisa, basi linafika. Fomu ya FAFSA, ile ya kuombea msaada wa serikali wa kusomea, jaza mapema. Umeshapita miaka 24 kwahiyo watahesabu kipato chako, sio changu. Ila wanaangalia kodi ya mapato ya miaka miwili nyuma, ukiombea 2026-27 wanataka ya 2024, na mwaka ule ulipiga ovataimu nyingi sana pale ghalani, kwahiyo ile ruzuku ya Pell, hela ya serikali isiyorudishwa, ambayo mwisho wake ni dola 7,395 kwa mwaka, usiipigie hesabu yote, inaweza kuja kidogo au isije. Tenga pia hela ya visu, makoti meupe na viatu, hivyo havimo kwenye ada.

Anza na cheti cha mwaka mmoja, usikimbilie digrii. Krediti za cheti, yaani hesabu ya masomo uliyofaulu, kwa kawaida zinaingia kwenye digrii ukiamua kuendelea, uliza tu uhakikishe.

Na ulizia hili kabla hujalipa hata senti: nguruwe na mvinyo. Kwenye darasa la nyama watakata nguruwe, kwenye sosi za kifaransa watamimina mvinyo, na mpishi anatakiwa aonje. Nenda ukaongee na mwalimu ana kwa ana, mwambie mi Mwislamu, nifanyeje. Mwanafunzi mmoja wa kwetu hapa alimwambia mwalimu mapema akaruhusiwa kuonjewa na mwenzie, mambo yakaenda. Upande wa dini muulize sheikh, mi sio wa kukupa fatwa.

Kabla ya yote hayo, nataka miezi mitatu. Tafuta kazi jikoni hukohuko Indianapolis, hata ya kuosha masufuria wikiendi, mahali penye kelele na joto. Ikifika Ijumaa usiku oda zimejaa, miguu inawaka, na bado unachungulia kuona yule wa jiko la kukaanga anafanyaje, nipigie siku hiyohiyo hata iwe saa saba za usiku.

Chumba chako kina maboksi ya mjomba wako, ntamwambia aje ayatoe. Karatasi zako za kodi za 2024 zitafute uziweke pamoja, na usile kwenye gari kila siku.

Mama yako