Nyumba yetu Ujerumani inavujisha joto, serikali itatusaidia?

SWALI: Shikamoo anko. Tumenunua nyumba ya 1962 huku Dortmund, hita ni ya gesi ina miaka 24, madirisha yanapitisha baridi mpaka pazia linacheza. Fundi anataka tusaini aanze wiki ijayo, nasikia serikali inasaidia, ni kweli? – Mama Zuhura

JIBU: Marahaba mwanangu, ni kweli kabisa ila tafadhali usisaini hivyo hivyo! Ruzuku inaombwa kabla kazi haijaanza, na mkataba wa fundi lazima uandikwe kwamba utatekelezwa ruzuku ikikubaliwa, ukikosea hapo umeipoteza yote, na inaniuma kila nikisikia watu wetu yamewakuta.

Ruzuku ya hita inapitia benki ya serikali ya KfW. Kwa utaratibu ulioanza 2024 ukiweka pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kulipasha ndani) unapata 30% ya gharama, ukiwa unang'oa hita ya gesi iliyofikisha miaka 20 kama yenu unaongezewa 20%, na kama kipato chenu cha kutozwa kodi hakizidi euro 40,000 kwa mwaka mnaongezewa 30%, lakini jumla haivuki 70%, na inapigwa hesabu kwenye gharama isiyozidi euro 30,000, kwa hiyo mwisho ni euro 21,000.

Madirisha ni ofisi nyingine ya serikali, inaitwa BAFA, wao wanatoa 15% ya gharama, na lazima mtaalamu wa nishati aliyesajiliwa ahusike. Muiteni huyo kwanza, ashike kuta kwa mkono wake, maana madirisha mapya yakibana sana na ukuta bado wa baridi, ukungu mweusi unaota kwenye kona nyuma ya kabati la mtoto.