Barua kwa mwanangu: mazishi mawili

Mwanangu,

Meseji yako nimeipata, na mama yako nimemsomea yote isipokuwa ile sehemu ya katikati. Umeniuliza: "Baba, mtu akimshika Mungu akaachana na kanisa, ni dhambi?" Halafu ukaongeza, kwa mbali kama vile si wewe, kwamba huko Philadelphia mnasoma habari za deisti, wale waliomkiri Muumba kwa akili zao, wakasema aliiumba dunia na kuiwekea kanuni zake, lakini miujiza na ufunuo wakavikataa. Unaona wana hoja.

Ya dhambi muulize mchungaji, ndiyo kazi yake. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia, na mwalimu wa historia akiulizwa kuhusu deisti anakumbuka mazishi. Nitakueleza mawili.

La kwanza liko jirani yako. Siku ukiwa na nafasi nenda makaburi ya Christ Church, utaona watu wanarusha sarafu juu ya jiwe la Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani na yule aliyechunguza umeme. Huyu alilelewa katika nyumba ya dini kali. Akiwa kijana wa miaka kama kumi na mitano, vikamwangukia mikononi vitabu vilivyoandikwa kuwapinga deisti. Anasimulia mwenyewe kwamba zile hoja zilizonukuliwa ili zipondwe zilimwingia kuliko majibu yake, na muda si mrefu akawa deisti kamili. Nacheka kila nikifika hapo. Kanisani alikuwa haonekani sana. Lakini dhehebu lolote lililokuja na orodha ya mchango wa ujenzi, jina lake lilikuwemo. Mwaka 1788 aliwachangia hata Wayahudi kwa sinagogi lao. Siku moja alikwenda kumsikiliza mhubiri George Whitefield, akijua mwisho wa mahubiri ni sadaka ya nyumba ya yatima kule Georgia, akaapa moyoni kwamba hatoi kitu. Mfukoni alikuwa na gao la sarafu za shaba, dola tatu nne za fedha na sarafu tano za dhahabu. Mhubiri akaendelea, Franklin akalegea, akaamua atatoa za shaba. Mhubiri akaendelea tena, akaona haya, akaongeza za fedha. Mwisho akamimina vyote kwenye sahani, dhahabu na yote. Unamkumbuka baba yako mdogo kwenye mnada wa mavuno, alipomnunua jogoo aliyemtoa yeye mwenyewe? Ndivyo.

Wiki chache kabla ya kufa alimwandikia Ezra Stiles, mkuu wa chuo cha Yale, kwamba anamwamini Mungu mmoja, Muumba anayeiongoza dunia, na kwamba ibada inayompendeza zaidi ni kuwatendea mema watoto wake wengine. Kuhusu uungu wa Yesu alikuwa na mashaka, ila hakuona haja ya kujisumbua kwa sasa, maana karibuni angepata nafasi ya kuujua ukweli kwa taabu ndogo zaidi. Akafariki Aprili 1790, umri miaka 84. Walijitokeza watu wapatao 20,000, na mbele ya jeneza walitembea viongozi wa dini wa mji mzima, yule wa Wayahudi akiwa miongoni mwao.

La pili ni la Thomas Paine, yule mwandishi aliyewahimiza Wamarekani wajitenge na Uingereza. Aliyempa barua ya utambulisho mwaka 1774 ili aje Marekani ni Franklin huyo huyo, na Mungu wao, ukisoma kwa makini, hatofautiani sana. Kwenye ukurasa wa mwanzo wa kitabu chake cha dini, The Age of Reason, anasema anamwamini Mungu mmoja, basi, na anatumaini furaha baada ya maisha haya. Alikiandika Paris wakati wa mapinduzi, akiogopa Wafaransa wakiyatupa makanisa watamtupa na Mungu. Sehemu ya kwanza alikuwa ndiyo kwanza ameimaliza alipokamatwa, Desemba 1793. Basi mtu aliyeandika kumtetea Mungu, karibu miaka mia baadaye Theodore Roosevelt, kabla hajawa rais, akamwita mkana Mungu mchafu. Alipokuwa anakufa mjini New York mwaka 1809 aliwaomba Quaker, watu wa dini ya baba yake, wamzike kwao. Wakakataa. Alizikwa shambani kwake New Rochelle na watu wa kuhesabika. Miaka kumi baadaye Mwingereza mmoja, William Cobbett, akamfukua, akaisafirisha mifupa Uingereza akidai atamjengea mnara. Mnara haukujengwa, na mifupa ikapotea.

Kosa lake lilikuwa nini? Aliuliza kwa sauti. Mungu hachukii kuulizwa, mwanangu, wanaochukia ni wasemaji wake. Nimewaambia hilo tangu mko wadogo na sitachoka.

Ukitaka kujua deisti walitoka wapi, tazama damu. Herbert wa Cherbury, balozi wa Uingereza mjini Paris, alichapisha kitabu chake mwaka 1624, wakati Wakatoliki na Waprotestanti wa Ulaya wako kwenye vita vilivyodumu miaka 30. Alitafuta mambo machache ambayo dini zote zingekubaliana: kuna Mungu, aabudiwe, ibada kubwa ni maisha mema, mtu atubu, na kuna thawabu na adhabu. Mambo matano tu. Baadaye Newton akaonyesha mwaka 1687 kwamba kanuni ile ile inayoangusha kitu chini ndiyo inayoushika mwezi, na watu wakaanza kusema Mungu wa kanuni hana haja ya kuzivunja. Mwaka 1697 bunge la Ireland likaamuru kitabu cha John Toland, kilichodai Ukristo hauna mafumbo, kichomwe moto hadharani mjini Dublin. Januari ya mwaka huo huo, Edinburgh, walimnyonga mwanafunzi wa miaka 20, Thomas Aikenhead, kwa maneno aliyowaambia wenzake.

Mimi sikunyongwa. Nilikoseshwa kipaimara.

Nilikuwa darasa la sita, kule juu Usangi. Asubuhi mwalimu wa jiografia alizungusha chungwa mbele ya kandili, akatuonyesha kwamba dunia ndiyo inayokwenda, jua limekaa. Alasiri ile ile, darasa la kipaimara, mwinjilisti akatusomea Yoshua alivyoliamuru jua lisimame juu ya Gibeoni. Nikanyoosha mkono: "Kama jua halitembei, Yoshua alisimamisha nini?" Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinitoa nje nikakae chini ya mkaratusi, na wiki hiyo akawaambia wazee wa kanisa kwamba kijana huyu bado, asubiri mwakani. Na Katekisimu Ndogo tuliyokuwa tunakariri imejaa maswali! Ila majibu yake yamekwisha kuchapwa chini yake.

Bibi yako alikuwa amekwisha kunishonea shati jeupe la tetroni, kwa pesa ya kahawa. Lilikaa sandukuni mwaka mzima. Nilipolivaa, mikono yake ilikuwa haifiki hata karibu na viganja. Ile picha ya sebuleni mnayoisema nilikunja mikono kwa mitindo, sababu ni hiyo. Nikiipita inaniuma mpaka leo, na mimi ni mzee mwenye wajukuu.

Lakini babu yako, ambaye shule hakuiona, aliporudi kutoka shambani aliniuliza jambo moja tu: "Na alikujibu nini?"

"Hakunijibu."

"Basi anadaiwa."

Akanawa mikono, akala.

Usidhani maswali haya ni ya Wazungu peke yao. Kule Natal askofu John Colenso wa Anglikana alikuwa akitafsiri Mwanzo kwa Kizulu, na msaidizi wake William Ngidi, walipofika kwenye gharika, akamuuliza kama kweli anaamini wanyama wote waliingia safina ile wawili wawili, na wale wala nyama nao Nuhu aliwakusanyia chakula. Colenso akashindwa kusema ndiyo. Huyo alilipa deni. Kuanzia 1862 alichapisha vitabu vya kuchambua vitabu vya Musa, akipiga hesabu ya idadi ya watu na mifugo ya jangwani, na mwishoni mwa 1863 askofu wa Cape Town, aliyekuwa juu yake, akamvua uaskofu. Unaona? Mungu hachukii kuulizwa.

Hapo ningeweza kukuambia: acha kanisa, wana hoja. Siwezi. Usiku ulipopata degedege, tumekubeba mgongoni kwa zamu kushuka mlima, mimi sikumwomba Mungu wa kanuni. Huyo hasikilizi mtu. Kanuni yake ingekuwa homa ikipanda mtoto anakakamaa. Niliomba kama bibi yako, kwa kelele, kwa Kipare. Ukiniambia ulipona kwa sindano nitakubali. Ukiniambia basi maombi hayakuwa na kazi, tutagombana. Na Franklin mwenyewe, shujaa wako, alipoona wajumbe wa katiba wanavutana mwaka 1787, aliwapendekezea waanze vikao vyao kwa sala. Kwa hiyo hata yeye hakuufunga mlango kabisa.

Mama yako, kama angesoma ile sehemu ya katikati, angesema fuata mfano wa Franklin: toa sadaka, nyamaza, uzikwe na watu. Kuna busara hapo. Kwetu mtu asiyeonekana jumuiya, siku ya msiba wazee wa kanisa wanaanza kupekua vitabu, na umewahi kuona aibu ya maiti kuzikwa bila kengele. Lakini Franklin alikuwa na pesa na umeme wake, watu wangekuja tu. Na Paine alikuwa mkweli kuliko yeye. Tena tazama: mabwana walipoyasema hayo sebuleni kwao waliachwa, kitabu cha Paine kwa bei ya chini kilipowafikia mafundi na vibarua wa Uingereza ndipo wachapaji walipofungwa. Mmoja wao, Richard Carlile, alihukumiwa mwaka 1819 akakaa gerezani karibu miaka sita. Nikilifikiria hilo nataka kukuambia sema wazi. Halafu namfikiria Paine shambani kwake bila hata jirani wa kumwimbia wimbo mmoja, na kalamu inasita.

Kwa hiyo sikuambii. Una umri wangu wa wakati nakuzaa, na swali ni lako. Ila sikufichi kwamba nina ninalolitaka, na unalijua.

Jambo lenye haraka ni hili. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu amepita na daftari la ahadi za mwaka. Jina lako bado liko chini ya langu, na mbele yake pako wazi. Nimemwambia arudi Jumamosi. Niandike kiasi gani, au nimwambie alikate?

Baba yako