Itifaki imezingatiwa na nani?

Msomaji mmoja, fundi wa chumba cha udhibiti kwenye mradi wa maji, kaniletea kesi. Kwenye ripoti yake ya usalama wa mtandao wa pampu aliandika "itifaki ya Modbus imezingatiwa, hakuna tatizo". Modbus ni lugha ambayo kompyuta na vidhibiti vya mitambo huongea. Bosi kaipiga "itifaki" mstari mwekundu, juu yake kaandika "protokoli", eti itifaki ni mambo ya Ikulu na mapokezi ya wageni. Nani yuko sahihi?

Wewe, ila kwa nomino tu. Itifaki tumeitoa Kiarabu, ittifaq, makubaliano, ni ndugu wa afiki na mwafaka, na mitambo miwili haiwezi kuongea kabla haijaafikiana nani anaanza na ujumbe unapangwaje. Hapo tumemaliza.

Sasa hiyo "imezingatiwa"! Ndugu yangu, hili dude limeingiaje chumba cha pampu? Nalijua kwao, ni jukwaani. Majuzi niko kwenye sendofu, mzee mmoja kapewa maiki, "itifaki imezingatiwa", halafu hapohapo akataja watu kumi na nne na vyeo vyao, biriani linapoa, akashuka akapanda shangazi wa bibi harusi, "itifaki imezingatiwa", naye akaanza upya kuanzia mwenyekiti wa kamati. Imezingatiwa na nani? Saa ngapi? Kitenzi cha kutendwa kisicho na mtenda, kimekaa pale mbele kama kiti cha mgeni rasmi ambaye hajafika.

Kwenye Modbus ndo balaa kabisa, maana itifaki yenyewe ni ya 1979, ukipiga hodi haikuulizi we nani. Januari 2024 pale Lviv, Ukraine, wavamizi waliingia mtandao wa joto la majumbani wakavipelekea vidhibiti amri za Modbus, na programu inayohusishwa na tukio hilo, FrostyGoop, inaijua lugha vizuri tu, amri namba 3 ya kusoma, 6 na 16 za kuandika, yaani kubadili. Vipimo vikavurugika, majengo zaidi ya 600 yakakaa karibu siku mbili bila joto na nje ni chini ya sifuri. Itifaki ilizingatiwa sana! Kwa hiyo ukiniambia imezingatiwa hujaniambia kitu, hata mwizi anaizingatia.

Niandikie hivi: "saa nane usiku mashine isiyo kwenye orodha yetu imetuma amri namba 6 kwa kidhibiti cha pampu ya pili kupitia poti 502, mlango wa mtandao wa Modbus." Umeona? Mtenda yupo, kitendo kipo, na pampu ya watu tunajua ipi.

Bosi naye tumsamehe. Protokoli watu wanaisema, haiumi jino, akiitaka mwandikie. Ila huo mstari mwekundu angeusogeza maneno matatu kulia.