Jibu kwa aliyeuliza fomu ya TASAF ya bibi yake inapatikana wapi Kasulu

Mkuu, umeuliza mambo mawili: fomu ya kumwombea bibi yako TASAF, yaani pesa za kaya maskini zinazotolewa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, inachukuliwa wapi hapa Kasulu, na kama umpe yule jamaa elfu ishirini anayoitaka ili "amuingize". Fomu ya kuchukua dirishani ukajaze nyumbani na kuirudisha haipo. Elfu ishirini mnunulie bibi sukari na sabuni.

Nina steshenari jirani na ofisi za halmashauri. Kazi yangu ni kutoa kopi na kuchapa barua, lakini watu wanakuja na bahasha zilizochakaa wanasema "nijazie", na kabla hujajaza chochote lazima usome kilichomo ndani. Ninayoandika hapa nimeyaokota humo.

Mpango wenyewe wa TASAF, unaoitwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulizinduliwa 2012 na awamu ya pili ikaanza 2020. Jina la kaya huanzia kwenye mkutano wa kijiji. Wanakijiji wenyewe ndio wanaotaja kaya ambazo hali yake ni duni kuliko nyingine. Baada ya hapo wanakuja wadodosaji nyumbani kwa wale waliotajwa, wanauliza habari za nyumba, mali na watu wanaoishi humo, majibu yanapimwa kwa kompyuta, kisha orodha inarudishwa kijijini ithibitishwe. Na utambuzi huu hufanyika kwa awamu, si kila siku. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumpigia simu ni mwenyekiti wa kitongoji cha bibi, umuulize kama kuna utambuzi unaokuja na mkutano ni lini. Huyo jamaa wa elfu ishirini hana mkono hapo katikati.

Wazee wanapitwa kwa sababu ambazo mtu wa mjini hazimjii kichwani. Tangazo la mkutano halikufika kule mwisho wa kitongoji. Au lilifika, bibi akaenda, ila akaona haya kusimama na kujitaja fukara mbele ya wakwe zake. Mtafute mtu mzima anayeheshimika pale kijijini, jirani au mzee wa kanisa, amtaje yeye. Hilo peke yake limewasaidia watu kuliko barua zote nilizochapa.

Mdodosaji akifika, bibi ajibu mwenyewe, na ajibu kweli. Usimfundishe kuficha mbuzi. Majirani wanawajua mbuzi wake kwa rangi. Shida ya bibi zetu mara nyingi ni kinyume chake. Akiulizwa wanakulaje, anasema "tunashukuru Mungu, tunakula", kwa kuwa ndivyo mgeni anavyojibiwa. Kaa naye kabla, mweleze kwamba huyu mgeni hakuja kusalimia. Na awataje wajukuu wote wanaolala na kula pale. Nimeona bibi anawaacha watoto wa marehemu binti yake kwa sababu kwa mila ni watu wa ukoo wa baba yao. Wanaoishi kwake ni kaya yake, wahesabiwe. Akishaandikishwa, mahudhurio yao shuleni yanafuatiliwa, wanatakiwa wafikie asilimia 80, na wadogo wapelekwe kliniki. Visipotimizwa, pesa hupungua.

Sasa majina. Hapa ndipo muda wangu mwingi unapoishia. Cheti cha ubatizo kinasema Anastazia, kadi ya mpiga kura inasema Anastasia, na NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wameweka jina la mume badala ya la baba. Kwa binadamu ni mtu mmoja, kwa mfumo ni watu watatu. Toa karatasi zote za bibi, zipange mezani, soma herufi kwa herufi. Kama tofauti ni ndogo, hati ya kiapo mbele ya wakili au mahakamani inayosema majina yote hayo ni ya mtu huyo huyo mara nyingi inatosha. Kama kosa liko ndani ya NIDA yenyewe, nenda naye ofisi yao ya wilaya lirekebishwe mapema, kabla halijakutana na malipo.

Angalia na umri. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Bibi zetu wengi tarehe yao ilikisiwa na mwandikishaji. Aliyekisiwa akapunguziwa miaka atakuja kuambiwa hajafika 60 siku anapofuatilia kitambulisho cha matibabu bure kwa wazee wasiojiweza, huku ana vitukuu.

Kama bado hana NIDA, jipange, maana huku kwetu Burundi ni jirani na usaili wa uraia una maswali mengi: babu alizaliwa wapi, alizikwa wapi, mlihamia hapa lini. Mzee anayeulizwa hivyo huogopa, na akiogopa anachanganya majibu. Mpeleke na ndugu mkubwa anayeujua ukoo, abebe barua ya mtendaji wa kijiji na karatasi yoyote ya zamani, hata ya ubatizo. Asikubali kutungiwa jina "rahisi" au mahali pa kuzaliwa pa uongo ili mambo yaende haraka. Karatasi zitakuja kugombana baadaye, naye ndiye atakayeitwa kujieleza.

Kwenye simu, laini ya kupokelea pesa iwe imesajiliwa kwa jina la bibi mwenyewe. Laini ya mjukuu haifai: majina hayaoani na malipo yanakwama, au yanapita na mjukuu anahamia Kigoma Mjini nayo. Namba ya siri aijue bibi. Kama macho hayaoni, achague mtu mmoja tu.

Mengine kwa haraka. Jina likikatwa na huelewi kwa nini, anza na kamati ya mpango pale kijijini, kisha mtendaji, kisha mratibu wa TASAF wa halmashauri, na upeleke malalamiko kwa maandishi ubaki na kopi iliyogongwa muhuri. Mkikwama, watafuteni wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yao ni bure. Na kama una shangazi huko mwenye nguvu ya kufanya biashara, njia yake si hii. Aulizie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu.

Kuhusu huyo jamaa: kama ulishamtumia namba ya NIDA ya bibi, na hasa kama alimwekesha kidole kwenye kamashine, chukua simu ya bibi upige *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukikuta namba asiyoijua, nendeni wote wawili kwenye duka la mtandao huo na kitambulisho chake, aikane ifungwe.